Kisu cha kambi kwa pesa kidogo: kagua ala kwanza

Tangu niandike kuhusu mahema, swali linaloniijia zaidi ni la kisu. Watu wa hapa Lubumbashi, wa Likasi, hata wa Kolwezi wananiuliza: tunakwenda kwenye maporomoko ya Lofoi, tunakwenda kuvua ziwa Tshangalele, tununue kisu gani kisichokunjwa, kitakachodumu na kisichotumaliza mfuko? Pamoja na maswali hayo yamekuja malalamiko, nami nimeyasoma yote. Karibu hakuna anayelia kwamba chuma chake kilivunjika. Mmoja kisu kilimchomoka kiunoni akivuka mto Lufira, hakukiona tena. Mwingine ncha ilitoboa mfuko ikamchoma paja akiwa juu ya pikipiki. Mama mmoja alikiweka kikiwa safi mvua zilipokwisha, akakitoa Juni kimeliwa na kutu. Wote watatu wameponzwa na ala, yaani mfuko wa kuchomekea kisu.

Basi sitawachosha kwa habari za ukali. Kisu kipya hukata, na kisichokata hunolewa. Urefu nao usikusumbue: sentimita 10 za bapa zinatosha kwa samaki, kamba, vitunguu na kuchonga vigingi vya hema. Kama unataka kupasua kuni, na mnajua miti ya miombo ilivyo migumu, chukua panga au shoka.

Ala inakaguliwaje

Kisu kikiwa ndani ya ala, kigeuze mpini utazame chini, ukitikise kwa nguvu. Kikianguka, kirudishe kwa mwenyewe. Kisipoanguka, kichomoe kwa mkono mmoja tu, maana kambini mkono wa pili utakuwa umeshika samaki au kamba. Kisha tazama kwenye ncha ya ala: pana tundu la kutoa maji? Ala ya plastiki isiyo na tundu ni kikombe. Mvua ya Januari ikiingia humo inabaki humo, na kisu kinalala majini usiku kucha.

Ala ya ngozi inapendeza machoni, na wauzaji wanajua hilo. Ichungulie ndani upande wa makali. Ngozi ikiwa imekunjwa na kushonwa tu, makali yanapita juu ya uzi kila unapochomeka, na siku moja uzi utakwisha. Fundi mzuri huweka ukanda wa ngozi nene katikati ya kuta mbili, ili makali yaguse ukanda huo badala ya uzi. Hata hivyo ngozi hunywa maji na kukauka polepole, na dawa zilizotumika kuilainisha huchangia kutu. Ukirudi nyumbani, kisu kitunze nje ya ala. Hapo ndipo yule mama alipopoteza kisu chake: alikifuta vizuri, halafu akakirudisha ndani ya ngozi yenye unyevu.

Ala za kitambaa cha nailoni zisizo na plastiki ngumu ndani ndizo zinazotoboa mapaja. Siziongelei zaidi.

Cha kwanza: Morakniv Companion

Nasema wazi, mimi ni mtu wa Morakniv. Ni visu vya Sweden, kutoka mji wa Mora, na kazi hiyo wanaifanya tangu 1891. Companion ina bapa la milimita 104 hivi, unene wa 2.5, mpini wa plastiki yenye mpira usioteleza hata mkono ukiwa na mafuta ya samaki. Lakini mimi ninaipendea ala. Ni plastiki ngumu, ina tundu chini, na kisu kikiingia kinabanwa mpaka unasikia mlio wake. Ukiipindua na kuitikisa, kisu kinatulia. Ikichafuka, unaisukutua kwa maji ya mto na kuikung'uta.

Kwa hali ya hewa yetu chukua ile ya chuma kisichoshika kutu. Ya chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi zaidi, lakini inataka kufutwa na kupakwa mafuta kila mara, na kambini wengi husahau. Kasoro zake ni mbili. Chuma hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo usikigonge kwa jiwe kupasulia magogo. Na kibanio cha kiunoni kinaweza kuchomoka kwenye mkanda mwembamba. Kifunge kwa kamba ndogo, basi.

Ipo pia Heavy Duty, yenye unene wa milimita 3.2, kwa mwenye mkono mzito. Garberg, ya Morakniv hiyohiyo, ni kubwa zaidi, chuma chake kinapita mpini wote, lakini bei yake hupanda karibu na dola 100, na hapo hatuongelei tena pesa kidogo.

Cha pili: Hultafors

Nao ni wa Sweden, na visu vyao vya kazi vya plastiki vinafuata njia ileile: ala ngumu, kisu kinabanwa, pana tundu la kuning'iniza kwenye kifungo cha nguo ya kazi. Ukikikuta kwenye duka la vifaa vya mgodi kabla hujaona Morakniv, nunua bila wasiwasi.

Cha tatu: kisu cha mhunzi wetu

Wahunzi wanaofua springi za malori wanatoa visu vinavyostahimili kazi kuliko vingi vya dukani, kwa sababu chuma cha springi kimetengenezwa kupinda na kurudi. Tatizo ni kwamba utapewa kimeviringishwa katika gazeti. Tafuta kipande cha bomba la PVC la maji. Kipashe moto juu ya makaa, mbali kidogo nayo, ukiwa kwenye uwanja wazi, kisiungue wala kutoa moshi. Kikilainika, weka kisu ndani kikiwa kimefungwa karatasi mbili, bana kati ya mbao mbili na usimame juu mpaka kipoe. Toboa tundu chini. Una ala bora kuliko ya ngozi ya dola 20.

Vya bei ya chini kabisa

Kisu cha jikoni cha Tramontina ni kizuri jikoni. Kwa kambi kitengenezee ala ya PVC. Vile vikubwa vyenye meno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini, viache.

Sasa wauzaji

Hapa sinyamazi. Kuna muuzaji mjini aliyenitajia dola 60 kwa Companion, kitu kinachouzwa Ulaya na Marekani kwa dola 15 hadi 25. Nilipotaka kulipa kwa franga, akatumia kiwango chake mwenyewe, kilichozidi cha wabadilisha pesa walioketi mlangoni pake. Mwingine ametoa visu katika ala zake na kuuza kila kimoja peke yake, kisu bei yake, ala bei yake. Huo ni wizi wa mchana, maana ala ile ilitoka kiwandani pamoja na kisu. Wengine wamevifunga kwa waya kwenye karatasi ngumu na hawakubali ufungue. Asiyekuruhusu kukipindua na kukitikisa, mwache na kisu chake. Na neno "stainless", yaani kisichoshika kutu, lililochongwa kwenye bapa lisikutulize. Nimeona lenyewe likiota kutu.

Nauli, forodha ya mpakani Kasumbalesa na faida ya mtu nazijua, kwa hiyo dola 35 kwa Companion nitalipa bila kubishana. Ikizidi hapo, mwagize ndugu anayekuja kutoka Johannesburg au Brussels. Mwambie akiweke kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege, kwa sababu kikikutwa mkobani kwenye ukaguzi watamnyang'anya.