Mkono wa kushusha boli la tela kwa Hilux iliyoinuliwa: pima kimo kabla hujalipa

Hilux dabo kebini ikiinuliwa inchi 2 na kuvalishwa tairi za 285/70R17 badala ya 265/65R17, nyuma inapanda karibu milimita 77: 50 za springi, 27 za tairi. Tela lenyewe limebaki pale pale. Kwa wanaobeba mbao za Mafinga au viazi vya Isyonje, tofauti hiyo ndiyo inayomaliza matairi ya nyuma ya tela, na lawama zote inabebeshwa barabara.

Dawa yake ni mkono wa kushusha. Una shina la mraba la milimita 50 linaloingia kwenye soketi ya toubaa (chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya gari), na bamba lenye matundu ambalo kiti cha boli, lile tufe la chuma linaloshika pua ya tela, hupanda na kushuka juu yake kwa pini mbili. Tunaouzungumzia hapa ni ule wa chuma, matundu kila milimita 25, uliogongwa kilo 3,500 ubavuni. Namba hiyo ni ya mkono tu. Kikomo chako ni kile kidogo kuliko vyote kati ya gari, toubaa, boli na tela, kwa hiyo soma vibao vyote vinne.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri. Kipimo cha kimataifa cha boli la milimita 50 kinataka katikati ya boli pawe milimita 350 hadi 420 kutoka chini, gari likiwa na mzigo. Ukizidisha hapo, tela la ekseli mbili linainua pua, mzigo unakimbilia ekseli ya nyuma, na uzito unaolalia boli unabadilika. Uzito huo unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya tela na mzigo wake. Ukipungua sana tela linaanza kuyumba, na ukiwa unateremka Kitonga huku malori yamekufuata huna pa kusimama ukapange mzigo upya.

Namna ya kupima: weka tela lenye mzigo mahali tambarare, lisawazishe kwa jeki mpaka bodi yake ilale sawa, kisha pima kutoka chini hadi ndani ya kikombe cha pua ya tela kinachofunika boli, pale juu panapokaa boli. Tuseme ni milimita 440. Pima sasa juu ya boli kwenye gari, mkono ukiwa haujashushwa: 540. Toa milimita 30 ambazo springi zitalala ukishafunga tela. Unahitaji kushusha 70, kwa hiyo chagua tundu la 75. Pua ya tela ikishuka kidogo si neno. Ikipanda ndiyo shida. Springi za kuinulia huwa ngumu, nyingine hazilali hata hizo 30, hivyo rudia kipimo baada ya kufunga.

Kwenye boli ndipo wengi wanapokosea. Kuna la milimita 50 na kuna la inchi 2, yaani 50.8, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kikombe cha 50 hakikai sawasawa juu ya boli la inchi 2. Kikombe cha inchi 2 juu ya boli la 50 kinafunga, lakini kinacheza, na kwenye tuta kali kinaweza kuchomoka. Ukubwa umegongwa juu ya boli. Boli lisilo na maandishi usilinunue. Nati yake ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, na washa ya springi iwepo.

Kasoro za mkono huu zipo. Shina linacheza ndani ya soketi, na kwenye barabara ya vumbi linagonga mpaka tundu la pini linapanuka na kuwa yai. Funga kibano cha yu-bolti cha kukazia shina. Kingepaswa kuja ndani ya boksi. Vibanio vya pini vilivyokuja nao ni vyembamba, badilisha. Na usipovuta tela uchomoe mkono wote, maana ukining'inia chini hivyo unakwaruza kila korongo na kuharibu faida ya kuinua gari.

Wapo mafundi wanaokata toubaa na kuichomelea chini zaidi kwa bei rahisi. Tunalipinga hilo kabisa. Kila milimita unayoshusha inaongeza nguvu ya kukunja pale chuma kinapoungana na chasisi, na mshono wa kuchomelea hupasukia pembeni yake, chini ya rangi, bila kuonekana.

Wanaouliza kuhusu tela la shingo, lile ambalo boli lake linakaa ndani ya bodi: boli hilo linatakiwa liwe juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na kati ya kingo za bodi na tela ibaki nafasi ya takriban milimita 150. Kwa pikapu iliyoinuliwa kingo nazo zimepanda, hivyo shingo ya tela lazima irefushwe. Bodi fupi ya dabo kebini nayo inaleta kona ya tela karibu na kioo cha nyuma unapokata kona kali. Hilo tunaliona linafaa Land Cruiser ya kebini moja yenye bodi bapa, si Hilux.

Minyororo ya usalama ipishane chini ya boli, na waya wa taa uachiwe ulegevu: gari lililoinuliwa linauvuta kwenye kona mpaka plagi inatoka.