Godoro la upepo la kambini: kagua kinywa kabla ya kutoa dola

Saa tisa usiku, mwezi wa saba, juu ya uwanda wa Kundelungu, huku kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, niliamka nyonga imegusa udongo. Godoro langu jipya la upepo, la dola 85, lilikuwa limesinyaa chini yangu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na baridi ilikuwa inanipanda mbavuni. Pembeni yangu Baba watoto alikuwa anakoroma juu ya kipande cha povu alichokata kwenye matela (ndivyo tunavyoliita godoro) ya zamani ya watoto. Nilijifunga vitenge viwili, nikakaa kusubiri jua. Hasira ya usiku ule ndiyo imezaa mwongozo huu.

Wageni hucheka wakisikia Katanga ikitajwa pamoja na baridi. Waje mwezi wa sita au wa saba. Lubumbashi yenyewe iko kwenye mita 1,200 hivi, na alfajiri za kiangazi mjini hushuka chini ya digrii 10. Ukipanda Kundelungu kwenda kutazama maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300, unalala juu zaidi ya hapo, mahali pasipo ukuta wa kuzuia upepo. Na baridi inayoumiza haitoki juu. Blanketi unalo. Inayoumiza ni ile ya ardhini, inayokunyonya joto usiku kucha.

Turudi kwa godoro langu. Nilipofika nyumbani nilidhani limetobolewa na vishina vya majani, kwa sababu pori likishachomwa moto linabaki na visiki vidogo vikali kama sindano. Nikalipeleka kwa kwado wa mtaani, yule anayeziba mipira ya magari karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Akalijaza kwa pompi ya baiskeli, akalizamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, pole pole, sikio karibu na maji. Hakuna kipovu hata kimoja. Akafika kwenye kinywa, kile wanachokiita valvu, na hapo maji yakaanza kuchemka, vipovu vidogo vidogo, mfululizo.

"Maman, matela haina tundu," akaniambia. "Ni kinywa njo inatosha mupepo."

(Wasomaji wa Tanzania na Kenya, kwetu "kutosha" ni kutoa. Godoro lilikuwa linatosha upepo na halikutosha kitu kingine.)

Akachokonoa kwa njiti ya kiberiti. Ndani ya valvu kuna ulimi mwembamba wa silikoni: upepo ukiingia unafunguka, upepo ukitaka kurudi unajifunga. Chini ya ulimi ule akatoa chembe ya mchanga mwekundu, ndogo kuliko mbegu ya lengalenga (mchicha). Nyingine zilikuwa zimeshauchana ukingoni. Vumbi letu la kiangazi, hili linalopaka soksi na mapazia, ndilo lililonilaza chini.

Ndiyo maana sitakuchosha na uzito, rangi, wala kama linaingia kwenye begi. Hayo yameandikwa kwenye pakiti na mtu yeyote anayasoma. Kinywa hakikaguliwi na mtu. Muulize muuzaji kuhusu valvu uone atakavyokutazama.

Kabla ya kupanga madaraja, neno moja kuhusu kinga ya baridi, kwa sababu wengi wanaamini upepo mwingi ni joto jingi. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani linaweza kukugandisha kuliko mkeka wa povu. Kila ukigeuka, hewa uliyoipasha moto inachanganyika na ile iliyogusa ardhi, na unaanza upya. Godoro lenye kinga lina nyuzi, manyoya, povu au tabaka zinazorudisha joto, ili hewa isizunguke. Kipimo chake ni R. Tangu 2018 kuna njia moja ya kukipima, ASTM F3340: godoro linawekwa kati ya sahani ya digrii 35 na nyingine ya digrii 5, inahesabiwa nguvu inayohitajika kuitunza ile ya moto. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipimia yenyewe na kujipa maksi. Kwa Kundelungu R ya 3 mpaka 5 inakutosha (kwa maana ya Tanzania). R ya 7 ni ya watu wanaolala juu ya theluji. Godoro langu la dola 85 liliandikwa "-5°C" kwa herufi kubwa, na R haikuwepo popote. Ukiona digrii bila R, rudisha pakiti mezani.

Sasa madaraja yangu, na sijifichi: napenda Exped. Ni kampuni ya Uswisi, na hakuna aliyenilipa. Ningelipwa ningeandika kutoka kwenye kitanda kizuri zaidi. Ninachokipenda ni kinywa chake: kimelala bapa, hakijitokezi nje kama chuchu ya mpira, na kwenye magodoro yao mengi kuna vinywa viwili, kimoja cha kujaza na kingine cha kutoa. Maana yake kile cha kujaza hukifungui-fungui mchangani asubuhi wakati wa kukunja, na asubuhi ndipo vumbi linapoingia, kila mtu akipiga mahema na kukung'uta mablanketi. Tena wana mfuko wa kujazia wanaouita Schnozzel: unaunasa upepo kama unavyonasa hewa kwenye mfuko wa plastiki, unakunja mdomo wake, unasukumia godoroni. Usidharau hilo. Ukipuliza kwa mdomo unaingiza mvuke wa mapafu, na mvuke huo unabaki mle ndani kuzalisha ukungu. Kwenye godoro la manyoya ni kosa kubwa zaidi, manyoya yenye unyevu hayapashi. Ultra 3R na Ultra 5R ndizo za kwetu. Namba kwenye jina inakupa R kwa makadirio, jambo ambalo nalihesabu kama adabu.

Daraja la pili ni Therm-a-Rest, na naandika hivi kwa heshima, kwa sababu hao ndio waliotufundisha wote kulala. Kampuni ilianzishwa Seattle mwaka 1972 na mainjinia waliopoteza kazi Boeing, na godoro lao la kwanza lilikuwa la povu linalojijaza lenyewe. XTherm NXT yao ina R ya 7.3, kubwa mno kwetu na inapita dola 200. XLite NXT yenye 4.5 ndiyo ya kufikiria. NeoAir zao za zamani zilisifika kwa kelele, ukigeuka zinalia kama mfuko wa chipsi; hizi za NXT zimetulizwa. Valvu yake ya kuzungusha inajaza haraka, ila imejitokeza, na kitu kilichojitokeza mimi nakiona kama mlango ulioachwa wazi barazani. Labda nimekuwa mgonjwa wa valvu. Baba watoto anasema hivyo.

La tatu ni godoro la povu linalojijaza lenyewe, la kampuni yoyote yenye jina, mradi liwe na kinywa cha kukaza kwa kuzungusha, bila ulimi. Hapo vumbi halina pa kujificha: unafungua, unafuta kwa kitambaa chenye maji, unakaza. Ni zito, linachukua nafasi. Lakini ukienda kwa gari, kama familia nyingi zinazotoka hapa Jumamosi na jiko, bukari (ugali) na samaki thomson wa kukaanga, uzito unakuhusu nini? Hata likiisha upepo, povu linabaki chini yako, hulali kwenye udongo kama nilivyolala mimi.

Mikeka ya povu ya bei ya chini: najua, haina kinywa kabisa, na kwa hoja yangu yote ilipaswa kushinda. Ni migumu na nina miaka 41. Inunue ya kuweka chini ya godoro la upepo, itazuia vile visiki, na R hujumlishwa: mkeka wa Therm-a-Rest uitwao Z Lite Sol, wa 2.0, chini ya godoro la 2.9 inakupa 4.9. Basi.

Magodoro yasiyo na jina yaliyorundikwa kwenye soko la Njanja na kwenye maduka ya mjini, nimeshalipa dola 85 ili nikuambie uyapite.

Na hizo dola 85, acha niseme. Dukani nilitoa noti ya mia. Kijana akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaona kichane kwenye pembe, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. "Maman, hii haipite." Nikatafuta nyingine. Siku ya kurudisha godoro, kijana yule yule akaniambia kitu kikishatoka dukani hakirudi. Nikamwonyesha ulimi wa valvu umechanika. Akasema ni kadogo tu. Kichane kwenye dola yangu kinaua noti nzima, kichane kwenye godoro lake ni kadogo tu! Nilimwuliza kama anasikia anachokisema. Akaniuliza kama nataka pompi, ni dola 15.

Halafu bei zenyewe. Hazijaandikwa popote. Mtu anakutazama viatu, anatazama kama umeshuka kwenye gari au kwenye pikipiki, ndipo anataja. Mfanyakazi wa mgodi akitajiwa 120 analipa bila kubisha, kesho yake sisi wote tunatajiwa 120. Na ukilalamika unaambiwa habari za mpaka wa Kasumbalesa, foleni ya malori, ushuru, kana kwamba godoro la gramu 600 limekuja na lori peke yake.

Kwa hiyo njia ninayoishauri ni ndugu. Kila mtu hapa ana shemeji Johannesburg, binamu Ubelgiji au yaya (kwetu ni dada au kaka mkubwa) anayekwenda na kurudi Lusaka. Godoro likikunjwa linatoshana na chupa ya maji, linaingia kwenye sanduku kati ya mashati. Mlipe ndugu yako, mletee na munkoyo, kinywaji chetu.

Likishafika, usiende nalo porini siku hiyo hiyo. Lijaze, paka maji ya sabuni ya Omo kwenye kinywa, kifuniko kikiwa wazi ili ulimi ufanye kazi peke yake. Kipovu kikikua, kuna kasoro. Kisha lala juu yake usiku mzima sebuleni, watoto wakucheke.

Jambo jingine, kwa yule msomaji wa Likasi aliyeniandikia kwamba godoro lake zuri "linavuja kila usiku lakini mchana linapona". Ndugu yangu, hilo halivuji. Umelijaza alasiri kwenye joto la digrii 28. Usiku wa manane hewa iliyomo imeshuka mpaka 8 na imesinyaa, karibu asilimia 7. Jua likitoka inatanuka. Ongeza upepo kidogo wakati wa kulala, hewa ikishapoa, uone. Godoro la kuogopa ni lile linalobaki limelegea hata jua likiwa utosini. Na usiliache limejaa kabisa juani, mishono ya ndani inaweza kuachia.

Porini, futa kinywa kwa kidole chenye maji kabla ya kukifungua. Sekunde tano. Mimi hubeba mswaki laini wa mtoto kwa kazi hiyo tu.

Lile la dola 85 sikulitupa. Kwado alilitazama kwa jicho la tamaa, akanipa faranga elfu tano, nikachukua. Nimepita wiki iliyopita nikamkuta amelala juu yake chini ya lori, anafungua nati. Kinywa amekiziba kwa gundi ya mipira moja kwa moja. Halikunjiki tena, analiegemeza ukutani jioni kama mlango. Anasema halijapungua upepo hata siku moja.