Seti ya kroshia ya 35,000: sindano chukua, uzi waachie wenyewe

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, wakala wa kuweka na kutoa pesa kwa simu hapa Lindi mjini. Natanguliza hilo kwa sababu kila mteja aliyenikuta na sindano ya kroshia kibandani aliuliza kwanza "hiyo ya nani?" ndipo akauliza kama nina salio. Kazi yangu ina dakika tano za kukimbizana na saa mbili za kukaa, na hizo saa mbili zote zilikuwa zinaishia kwenye simu. Mwaka 2024 mke wangu akiwa na mimba ya kwanza, nikaona kwenye kundi la WhatsApp la muuzaji mmoja wa Dar tangazo la seti ya kroshia "kwa anayeanza, kila kitu ndani". Nikasema basi, mwanangu atavaa kofia ya mkono wa baba yake.

Bei 35,000, na 5,000 ya kusafirisha mzigo kwa basi. Nililipa mwisho wa Aprili. Tarehe 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika huku Kilwa na sisi wa kusini tukawa kama watu wa kisiwani. Kwa hiyo kuchelewa kwa mzigo simlaumu mtu. Ulipotua stendi, begi lilikuwa limelowa upande mmoja lakini vitu vizima.

Ndani mlikuwa na sindano tisa zenye mipini ya mpira, kuanzia milimita 2 hadi 6, zinapishana nusu nusu. Madonge sita ya uzi wa rangi. Mkasi mdogo, futi ya kupimia, sindano butu mbili za kufichia ncha za uzi, vibanio vya plastiki vya kuwekea alama, na kitabu cha kurasa nane. Kitabu hicho ni Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili, na kwenye michoro mikono imepishana hivi kwamba hujui upi wa kulia. Nilipouliza nikajibiwa, "Video zipo kibao YouTube boss."

Zipo kweli. Ila Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika na nchi nzima ikawa inasukuma ujumbe mmoja mmoja. Video ikawa kiduara kinachozunguka. Nikabaki na sindano tisa na kitabu cha mikono isiyojulikana, na wateja wananilaumu mimi kwamba mtandao hakuna.

Ndipo nikaenda kwa bibi mzaa mama. Anakaa Mtanda, ukili wa mikeka anasuka mpaka leo, na kroshia alifundishwa na masista enzi za usichana wake. Vile vitambaa vyeupe vya makochi vilivyokuwa vinakuachia chapa mgongoni ukiinuka, nyumbani kwetu vyote ni mkono wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea nini?"

Nikamtolea begi. Akapitisha kila sindano kwenye kidole gumba kama anayekagua makali ya kisu, akazirudisha zote, akabakiza ya milimita 4. Halafu akakata kipande cha uzi wa bluu na kuomba kiberiti.

Uzi uliposhika moto haukuacha jivu. Ulijikunja, ukatoa moshi mweusi wa harufu ya ndoo iliyoungua, ukaishia kitone kigumu cheusi. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la kanga yake ya zamani, zile za pamba tupu, akauchoma nao. Ukawaka haraka, ukanuka karatasi, likabaki jivu ambalo alilipuliza likapotea.

"Hii plastiki, mume wangu. Umvishe mtoto kichwani, Lindi hii? Utamchemsha."

Tangazo lilisema pamba asilia. Lebo ya donge ilisema gramu 50. Nikapeleka madonge yote kwenye mizani ya duka la jirani anayopimia sukari: zito kuliko yote lilikuwa gramu 41, jepesi 36. Hapo ndipo nilipoanza kuandika haya mambo kwenye daftari, nikiwa na hasira.

Lakini bibi alisema plastiki ndiyo ya kuharibia, kwa hiyo tukaanza nayo. Rangi akachagua ile ya njano mpauko. Nyeusi na bluu ya giza akazikataa, na hili nalisisitiza kwa anayeanza: kwenye uzi mweusi huoni unachoma wapi, hata mchana kweupe. Cheni ya kwanza, yaani ule mnyororo wa vitanzi unaoanzia kazi, ilinichukua jioni nzima. Vitanzi vyangu vilikuwa vimebana, sindano haiingii tena, na bibi akacheka: "Unanyonga uzi kama unataka kuchinja kuku." Dawa yake ilikuwa mbili. Moja, cheni ya mwanzo nifume na sindano ya milimita 5, kisha nirudi kwenye ya 4 kwa mistari inayofuata. Pili, namna ya kuushika uzi: uzunguke kidole cha mwisho, upite chini ya viwili vya kati, ukae juu ya shahada, na shahada ndiyo iwe inaachia. Kwa wiki moja shahada yangu ilikakamaa kama nimeapa. Tena uzi ule wa plastiki na jasho la Mei la hapa kwetu havipatani, unanata kwenye kidole na unalia kwenye sindano kiii, kiii, mpaka mteja mmoja akadhani nina panya kibandani.

Kosa lililonitesa zaidi ni la kingo. Nilianza kipande cha nguzo 20 (kila kishono kinachosimama wima juu ya cheni bibi hukiita nguzo, nami nimeshazoea). Mstari wa nane nikahesabu nikakuta 13. Kipande kimekuwa kama bendera za kwenye sherehe. Nilikifumua mara nne kabla bibi hajanikamata. Ukifuma zile nguzo ndefu, unapogeuza kazi unapanda kwa cheni tatu, na hizo cheni tatu zinahesabika kuwa nguzo ya kwanza. Mwisho wa mstari unaofuata lazima uchome juu yake. Mimi nilikuwa nazipita, kila mstari nguzo moja inakwenda na maji. Kitabu cha seti hakina hata neno moja juu ya hili. Vile vibanio vya plastiki vya alama, ambavyo nilidhani ni urembo, ndivyo vilivyoniokoa: unaning'iniza kimoja juu ya cheni ya tatu na jicho halipotei.

Halafu tukagombana na bibi. Kitabu kinasema kofia inaanza na dabo 12 ndani ya duara. Bibi akasema sawa, dabo, akafuma nguzo fupi fupi. Mimi kwenye mchoro naona nguzo ndefu, ile unayozungusha uzi kwanza kwenye sindano kabla ya kuchoma. Nikamwambia bibi hiyo siyo dabo. Akaniambia alikuwa anafuma dabo kabla mama yangu hajazaliwa. Siku mbili hatukuelewana, na chai nilikunywa ya baridi.

Intaneti ilipokaa sawa nikajua kwamba tulikuwa sahihi wote. Waingereza na Wamarekani wana majina yanayopishana kwa nguzo zile zile. Nguzo fupi Mmarekani anaiita singo, Mwingereza anaiita dabo. Ile ndefu Mmarekani anaiita dabo, Mwingereza anaiita tribo. Masista walimfundisha bibi kwa Kiingereza cha Uingereza, kitabu cha seti kilifuata Marekani bila kusema. Njia rahisi ya kujua: ukiona maelezo yoyote yametaja singo, ni ya Marekani, kwa sababu Mwingereza hana jina hilo. Muuzaji angechapa mstari mmoja tu kueleza hilo, angeokoa ndoa yangu na bibi.

Juni mpaka Julai sikufuma sana. Ufuta ulikuwa unauzwa, watu wanatoa pesa kutwa, kibanda hakikai. Nilirudi Agosti na uzi wa pamba mweupe nilioununua sokoni hapa hapa Lindi, donge 4,000, nikautia kiberiti kwanza mbele ya mwenye duka. Alinitazama kama mwendawazimu, lakini ulibaki jivu.

Kofia ya kichanga inakwenda hivi: duara la kwanza nguzo ndefu 12, la pili 24, la tatu 36, la nne 48. Hapo unaacha kuongeza, unazunguka na 48 hizo hizo ili kofia ishuke masikioni. Mimi kwa furaha ya kuona mkono umekubali nikaendelea, 60, 72, kitu kimelala chini kimetanuka. Mke wangu akakiinua kwa vidole viwili. "Baba fulani, hii kofia au kawa?" Na kweli, kinafunika sahani ya wali bila shida. Kipo mezani mpaka leo, kinafanya kazi hiyo. Kofia yenyewe ilikuja jaribio la tatu, na mtoto wa Septemba aliivaa kutoka hospitali.

Sasa seti yenyewe baada ya miezi minne. Sindano za milimita 4, 4.5 na 5 ni nzuri kweli, mpini wa mpira hauchoshi kiganja na ni za aluminiamu, hivyo hewa ya chumvi ya hapa haikuzigusa. Ya 3.5 ilikuwa na ukwaruzo kwenye ndoano, inashika uzi na kuuchana, nikaipitishia msasa laini ikapona. Ya milimita 2 ilipinda wiki ya kwanza, sina hamu nayo. Namba za saizi zimefutika kwenye mipini mitatu, andika kwa kalamu ya wino usiofutika mapema. Mkasi umekula kutu kabla ya Agosti. Futi ya kupimia iko sawa, niliilinganisha na ya fundi cherehani.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu gramu na kuhusu pamba, nikamtumia na picha ya mizani. Jibu: "Boss hiyo ilikuwa bei ya ofa." Nilipouliza tena nikakuta nimeondolewa kwenye kundi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ninunue tena, la, si kwa 35,000. Kwa 15,000 bila nyuzi na bila kitabu ningeichukua. Anayeanza anahitaji sindano mbili tu, ya 4 na ya 5, madonge mawili ya uzi wa pamba wa rangi nyeupe au mpauko, na mtu wa kumtazama mikono jioni. Huyo wa mwisho kama huna bibi, tafuta bibi wa mwenzio.

Madonge manne ya plastiki bado ninayo kibandani, anayetaka ya kujifunzia aje achukue bure. Sindano ya milimita 6 msiniulizie. Bibi aliichukua siku ya kwanza kabisa, anapitishia mpira kwenye magagulo.