Nikon F100: Maandalizi Kwanza, Filamu Baadaye

Nikon F100 iliingia sokoni mwaka 1999, miaka 14 baada ya Minolta 7000 kuthibitisha kwamba mota iliyofichwa ndani ya mwili wa kamera ya SLR, yaani ile ambayo mpigapicha hutazama kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo, inaweza kumtafutia mpigapicha fokasi, na miaka saba tu kabla ya Nikon kutangaza, Januari 2006, kuwa inaachana na karibu kamera zake zote za filamu. Ni zao la kizazi cha mwisho, wakati ambapo wahandisi walikuwa wamekwisha kujua nini kinamfaa mpigapicha na nini kinamchosha. Naiona kuwa kamera ya filamu yenye fokasi otomatiki inayofaa watu wengi zaidi kuliko nyingine yoyote ya chapa hiyo, ila ubora wake haujitokezi wenyewe. Ina swichi, vitufe na mipangilio mingi, na anayeinunua ikiwa imetumika kisha akatia filamu papo hapo huwa amekabidhi fremu 36 kwa mapendeleo ya mtu asiyemjua.

Tuanze na mwili wenyewe. Maganda ya juu, ya mbele na ya chini ni ya aloi ya magnesiamu, uzito ni gramu 785 bila betri, na mshiko wa kulia unakaa vizuri mkononi hata lenzi ikiwa nzito. Kaka yake mkubwa, F5 ya mwaka 1996, ana uzito wa gramu 1,210 na anahitaji betri nane za AA. F100 hutosheka na nne, zile zile za tochi na rimoti, na hilo pekee ni neema kubwa kwa yeyote aliyewahi kutafuta betri za kamera zenye umbo la ajabu. Udhaifu wa mwili unafahamika na ukaguliwe kabla ya kulipa. Mpira uliofunika mlango wa nyuma huanza kunata kadiri miaka inavyokwenda, jambo linalokera bila kudhuru picha, na ambalo spiriti kidogo pamoja na subira huliondoa. Lililo zito zaidi ni uma wa kurudishia filamu, kile kijisehemu kinachoingia kwenye kitovu cha mkebe, kwa sababu katika kamera za mwanzo ulitengenezwa kwa plastiki na unaweza kuvunjika, na ukivunjika ni kazi ya fundi. Fungua mlango, utazame uma, kisha ulitazame pazia la shata ikiwa lina mikunjo au madoa ya mafuta, lakini usiliguse hata kwa ncha ya kidole.

Baada ya kutia betri, kazi ya kwanza ni kurekebisha kitazamio kulingana na macho yako kwa kidude kilicho kando yake, mpaka maandishi ya ndani yasomeke bila juhudi. Wengi hulipuuza jambo hili kisha huilaumu lenzi. Halafu itazame skrini ya juu: neno CUSTOM likionekana, fahamu kwamba mmiliki aliyetangulia alibadilisha angalau mpangilio mmoja kati ya 22 ambayo kamera hii inayo, na ni busara kuirudisha yote kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuanza kuchagua ya kwako. Hakikisha pia kwamba fidia ya mwanga, yaani mwanga unaoongezwa au kupunguzwa kwa makusudi, iko kwenye sifuri, kwa kuwa kamera huikumbuka hata baada ya kuzimwa, na kwamba ISO, yaani wepesi wa filamu kupokea mwanga, imewekwa kwenye DX. Katika hali ya DX kamera husoma yenyewe alama zilizochapwa ubavuni mwa mkebe, kuanzia ISO 25 hadi 5000. Ikiwekwa kwa mkono, kuanzia 6 hadi 6400, itashikilia namba uliyoipa hata ukibadilisha filamu, na kosa hilo halina dalili yoyote mpaka filamu itoke kusafishwa. Lenzi zenye pete ya tundu, ule uwazi unaopitisha mwanga, nazo zinataka pete hiyo ifungwe kwenye namba kubwa kuliko zote, kwa kawaida 16 au 22, la sivyo herufi FEE zitapepesa na shata itagoma. Wengi wamepeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu ya herufi hizo tatu.

Mfumo wa fokasi ndio unaostahili muda mrefu zaidi wa mazoezi. Kando ya lenzi, upande wa kushoto wa mpigapicha, kuna swichi yenye herufi S, C na M. Ikiwa kwenye S, kamera hutafuta fokasi mara moja, huishikilia, na hukataa kupiga mpaka iridhike. Ikiwa kwenye C, hufuatilia kitu kinachosogea na hukubali kupiga wakati wowote, hata kama fokasi haijakamilika. Tofauti hiyo si ndogo. Anayepiga watoto wanaokimbia akiwa kwenye S atasema kamera imekwama, na anayepiga sura iliyotulia akiwa kwenye C, kisha akageuza kamera ili kupanga picha upya, atakuta fokasi imehamia ukutani. M ni ya kuzungusha pete kwa mkono, na hata hapo alama ndogo ndani ya kitazamio humjulisha mpigapicha pale fokasi inapotulia.

Nyuma kuna kitufe kipana cha kuchagulia mojawapo ya sehemu tano za fokasi, na sehemu iliyochaguliwa huwaka nyekundu, jambo linalosaidia sana mandhari yakiwa meusi. Kuna pia swichi ya kuamua kama kamera itumie sehemu hiyo moja tu au iziruhusu nyingine zisaidie, hali iitwayo eneo badilifu. Hapa pana mtego kwa mgeni: swichi ya mbele ikiwa kwenye S na ya nyuma ikiwa kwenye eneo badilifu, kamera hujichagulia kitu kilicho karibu zaidi bila kukuonyesha imechagua sehemu gani. Ushauri wangu ni kuanza na sehemu moja, kuizoea, na kuliacha eneo badilifu kwa ajili ya C na vitu vinavyokwenda kasi. Sehemu ya kati na zile mbili za pembeni husoma mistari ya wima na ya mlalo, ilhali ya juu na ya chini husoma mwelekeo mmoja tu. Ndiyo maana kamera inaposhikwa wima, na sehemu hizo dhaifu zikaangukia ubavuni, fokasi huweza kusitasita. Zote tano zimekusanyika karibu na katikati, kwa hiyo kitu kilicho ukingoni mwa fremu kitadai uilenge fokasi kwanza kisha upange picha. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kwa umbali mfupi, kugeuza kamera kidogo tu kunatosha kuhamisha ukali kutoka jichoni hadi sikioni, na ni heri kutumia sehemu ya pembeni iliyo karibu na jicho.

Mpangilio mmoja wa ndani unabadilisha kabisa namna ya kuitumia kamera hii, nao ni ule wa kukiondolea kitufe cha kupigia picha kazi ya fokasi na kuiachia kitufe cha AF-ON kilicho nyuma. Ukishaufanya, weka swichi ya mbele kwenye C na uisahau. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, kamera inafuatilia; ukikiachia, fokasi inabaki ilipo na unaweza kupanga picha upya kwa utulivu. Inachukua muda mfupi kuzoea, na anayeazimwa kamera yako atalalamika kwamba imeharibika, lakini sijaona sababu ya kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Kutia filamu ni rahisi mradi ncha yake isivutwe kupita kiasi. Weka mkebe upande wa kushoto, vuta ncha hadi kwenye alama nyekundu, hakikisha filamu imelala bila kulegea, funga mlango na ubonyeze kitufe cha kupigia. Mota itasogeza hadi fremu ya kwanza. Alama ya hitilafu ikipepesa, ncha haikunaswa, na huna budi kufungua na kurudia. Filamu ikiisha, neno End hutokea, na kwa mpangilio wa kiwandani kamera husubiri ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja ndipo irudishe filamu mkebeni, ulinzi mzuri kwa anayehofia mlio wa mota mahali pa utulivu. Huingiza ncha yote ndani, kwa hiyo anayesafisha filamu mwenyewe atahitaji kifaa cha kuivutia nje au cha kufungulia mkebe.

Kipima mwanga cha maeneo 10 ni cha kuaminika kiasi kwamba nacho sina mengi ya kusema. Kwa lenzi za aina ya D au G, zinazoijulisha kamera umbali wa fokasi, huzingatia pia umbali wa kitu kilicholengwa, na kwa filamu za negativu za rangi kama Kodak Portra 400, zinazostahimili mwanga wa ziada, unaweza kukiachia kazi yote. Filamu za slaidi kama Fujifilm Velvia 50 hazisamehe, na hapo kipimo cha nukta, kinachopima eneo dogo tu la fremu, hufaa zaidi, hasa kwa kuwa katika kamera hii nukta hiyo huhamia kwenye sehemu ya fokasi uliyoichagua. Shata hufika 1/8000 ya sekunde, kiasi cha kukuwezesha kufungua lenzi hadi f/4 kwenye jua kali hata ukiwa na filamu ya ISO 400, na flashi huoana nayo hadi 1/250.

Kuhusu lenzi, mwili una mota ya kuendesha zile za AF za zamani na pia unazielewa za AF-S zenye mota yake ndani. Lenzi za G zisizo na pete hufanya kazi katika hali zote, na hata zile za zamani za AI, za kufokasi kwa mkono, hukubaliwa katika hali za A (unachagua tundu, kamera inachagua shata) na M (unachagua vyote viwili), zikiwa na kipimo cha katikati au cha nukta. Zisizofaa ni zile mpya za E, zenye tundu linaloendeshwa kwa umeme, kwa kuwa kamera haiwezi kuliendesha tundu lake, na za AF-P, ambazo fokasi yake haifanyi kazi hapa hata kwa mkono. Lenzi za DX (hapa jina hilo ni la lenzi za kamera za kidijitali zenye sensa ndogo, si la alama za mkebe) zitaingia, lakini zitaacha giza pembezoni mwa fremu.

Yapo yanayokosekana. Kitazamio huonyesha takriban asilimia 96 ya fremu, si zote. Hakuna namna ya kukifunga kioo juu kabla ya kupiga, upungufu unaoonekana katika kazi za tripodi zenye shata ya polepole. Na mwili hauna flashi yake wala taa ya kusaidia fokasi gizani. Asiyeyajali hayo, ila analalamikia uzito, aitazame F80 ya mwaka 2000: ina gramu 515, flashi ndogo juu yake na mistari ya gridi inayowashwa ndani ya kitazamio, ingawa shata yake huishia 1/4000, hutumia betri mbili za CR123A, na kipima mwanga chake hakifanyi kazi kabisa na lenzi za mkono, kwa hiyo mwenye kabati la lenzi za AI abaki na F100.