Cha Kupaka Kalamu ya Mbao: Kipi Kinastahili Pesa Yako

Kalamu ikiwa bado kwenye mashine ya kukereza, chochote utakachoipaka kitang'aa. Hata mafuta ya nazi. Ndiyo maana ushauri wa muuza rangi haunisaidii sana: yeye anauza mng'ao wa siku ya kwanza, na anafikiria kabati. Kabati hufutwa vumbi likaachwa. Kalamu inashikwa na vidole vyenye jasho, inagongana na funguo mkobani, na mwenye mawazo anaitafuna. Basi hivi vitano nimevipanga kwa swali moja tu: baada ya miezi mitatu mikononi mwa mtu anayeandika kila siku, kwenye joto la pwani, kalamu itakuwa na sura gani?

1. Supa gluu

Usicheke. Gundi ileile unayobandikia kikombe kilichovunjika ndiyo inayoongoza, na inaongoza kwa mbali. Ikikauka inakuwa gamba gumu, angavu, ambalo jasho halilipenyi. Mninga chini yake hutoa ile rangi ya asali inayokolea hadi wekundu, na haifubai.

Nunua ile nyepesi kama maji. Ile nzito ni ya kuzibia nyufa. Vichupa vya gramu 3 vya machinga vinatosha kwa kujaribu, ila mdomo wake huziba kabla hujafika nusu. Ukikusudia kukereza kalamu zaidi ya tano, tafuta chupa ya gramu 20 au 50. Kabla hujalipa, igeuze juu chini: ikitiririka mara moja ni nzima, ikijivuta kama asali imeshazeeka. Iliyoshinda juani mezani kwa muuzaji iache hapohapo, hata akikupunguzia. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

Kupaka kwenyewe ni hivi. Mashine iende polepole. Kunja tishu, tia matone mawili matatu, ipitishe chini ya kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja, kisha toa mkono. Ukirudi nyuma, tishu inanasa na kuacha manyoya. Subiri ikauke, rudia mara sita hadi kumi. Halafu msasa wa maji, namba 600 mpaka 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), na mwisho polishi ya gari. Usisahau kuzipaka nta bushi za pembeni, yaani vile vipete vya chuma vinavyoibana mbao pande zote mbili kwenye mashine, la sivyo zitagandana na mbao na utavunja kazi ukizing'oa.

Udhaifu wake upo. Gundi hii inakaushwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo siku za masika tabaka nene huganda haraka mno na kuota ukungu mweupe. Dawa yake ni tabaka jembamba, basi. Mvuke wake unachoma macho, fungua dirisha. Na kamwe usitumie kitambaa cha pamba: pamba na gundi hii vikikutana vinachemka ghafla. Mimi nilitumia kipande cha fulana kuukuu. Moshi ulitoka kabla sijajua naungua, na alama ya kidole cha shahada ninayo mpaka leo.

2. Vanishi ya poliyurethani

Nayo hudumu, na mng'ao wake ni mtulivu kuliko wa supa gluu ambao wengine wanaona unafanana mno na plastiki. Ichanganye nusu kwa nusu na kiyeyushio kilichoandikwa kwenye kopo, paka kwa kitambaa, na safari hii pamba ruksa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya muda: tabaka moja kwa siku, tabaka nne au tano, kisha uiache kalamu ining'inie siku kadhaa, huku kila vumbi la karakana likiitafuta. Mwenye mteja wa kesho asahau. Tena kopo dogo kabisa dukani ni kubwa mno kwa kalamu. Nusu yake itagandia ndani.

3. Mafuta ya kitani (linseed), juu yake nta

Mkono unapenda kalamu ya namna hii. Unagusa mbao yenyewe, sio gamba. Lakini jasho linapita, na mbao nyeupe kama mwembe itaanza kuwa na weusi pale vidole vinaposhika. Mpe mteja anayekubali kuipaka nta upya kila baada ya muda. Kwa nta, ya nyuki inatosha, na ya Tabora ina sifa yake. Ukipata iliyochanganywa na kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mnazi, ni bora zaidi, maana kanauba ni ngumu na inayeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na ushee, wakati ya nyuki peke yake ni 60 na kidogo. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze vikauke, usivifunge donge: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

4. Polishi ya shelaki

Hii, inayotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ndiyo inayowanasa wanaoanza. Unaipaka mashine ikizunguka, unabana kwa kitambaa, joto la msuguano linafanya kazi, na dakika moja baadaye kalamu inang'aa kama kioo. Sokoni itauzika. Tatizo ni kwamba shelaki inayeyuka kwenye spiriti, na tangu Korona watu wanatembea na vitakasa mikono. Mteja akijipaka kitakasa mikono na kuandika mikono ingali na maji, kalamu inanata, kisha inabaki na alama za vidole zisizofutika. Zilirudishwa kwangu tatu. Itumie kama tabaka la chini tu, kuziba vinyweleo vya mbao.

5. Nta peke yake

Kwa mbao nyingi, ni kupoteza nta.

Sasa mpingo, ambao unaupindua mpangilio huu wote. Mpingo ni mzito kuliko maji na una mafuta yake, kwa hiyo supa gluu hushika kwa shida na baada ya muda inaweza kubanduka vipandevipande hata kama uliufuta kwa asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha) kwanza. Wenyewe hautaki kuvikwa. Panda na msasa taratibu, 240, 400, 600, 1000, 2000, na kila namba ukiimaliza zima mashine upitishe msasa kwa urefu wa mbao ili kufuta michirizi ya mzunguko. Kisha nta kidogo tu, ile niliyoiweka ya mwisho. Futa vumbi lake kabla ya kukereza mbao nyingine, kwa sababu weusi wake huingia kwenye vinyweleo vya mninga na hautoki.

Na unaponunua kipande, kata chenga ya ule weusi uitumbukize kwenye glasi ya maji. Mpingo unazama. Kuna mbao nyepesi zinazosuguliwa dawa ya viatu na kuuzwa kwa jina lake. Hizo zinaelea, na zikikerezwa kalamu, weusi wake huhamia kwenye mfuko wa shati jeupe la mteja.