Skana za filamu za mtumba: uliza kioo kabla ya kuuliza bei

Lalamiko ni lile lile. Mtu kaagiza Nikon Coolscan ya mtumba, imefika, inawaka, inavuta filamu bila kukwama, lakini kila slaidi (filamu yenye picha ya rangi halisi, ndani ya fremu ndogo) yenye anga jeupe inatoka na ukungu. Mwanga unamwagika ukingoni mwa paa, makuti ya mnazi yamezungukwa na utando, weusi umegeuka kijivu. Muuzaji akiulizwa anasema filamu imezeeka. Filamu haina kosa. Kioo ndicho kichafu.

Ndani ya Coolscan, chini ya njia ya filamu, kuna kioo kidogo kilicholala kimshazari kinachogeuza mwanga uelekee kwenye lenzi. Uso wake unatazama juu, kwa hiyo vumbi la miaka yote hutua hapo, na skana iliyokaa pwani bila kutumika huongezewa kuvu. Vumbi hilo hutawanya mwanga. Kwenye slaidi, weupe huvamia weusi. Kwenye negativu, filamu ambayo mwanga na giza vimebadilishana, mambo hugeuka: sehemu nyembamba za filamu, yaani vivuli vya picha, ndizo zinazovuja, na kinachopotea ni nguvu ya mawingu na kanzu nyeupe. Kasoro hiyo haionekani haraka, na ndiyo maana sampuli za matangazo karibu zote ni za negativu.

Kupima ni rahisi. Chukua fremu tupu ya slaidi, iwekee kadi nyeusi isiyopitisha mwanga, toboa mraba wa milimita 5 katikati, uiskani kama slaidi ya kawaida. Kisha ongeza mwangaza wa sehemu za giza kwenye programu ya picha. Kioo safi hukupa weusi hadi ukingoni mwa tundu. Kichafu huonyesha duara la ukungu.

Kukisafisha kunawezekana, ila kwa adabu. Chomoa umeme, toa adapta ya filamu, fungua kasha, puliza vumbi kwa pampu ya mkono. Kisha kitambaa cha lenzi chenye tone la alkoholi ya isopropili, mpito mmoja bila kukandamiza, na upande mwingine wa kitambaa kwa mpito wa pili. Rangi ya fedha ya kioo hiki iko juu, si nyuma kama kioo cha chumbani, hivyo mkwaruzo ni wa kudumu. Usipulizie dawa moja kwa moja ndani.

Sasa mpangilio, na sifichi upande wangu: kwa filamu ya milimita 35 nyumbani, nambari moja ni Coolscan V ED (LS-50). Nukta 4,000 kwa inchi hukupa picha ya takriban pikseli 5,670 kwa 3,780, inafokasi yenyewe, taa yake ni ya LED, na inatumia USB, ile ile ya kompyuta yako. Nikon Scan, programu yake ya kuskani, haikutengenezewa Windows ya biti 64, kwa hiyo tenga hela ya programu nyingine, VueScan au SilverFast.

Coolscan 5000 ED inalipa tu kama una mamia ya slaidi na umepata kilishio chake cha SF-210, kinachobeba slaidi 50. Ukirithi filamu za 120 za studio, zile pana kuliko za milimita 35, Coolscan 9000 ndiyo yenyewe, lakini inataka FireWire, tundu la zamani la kuunganishia, kama Coolscan za LS-4000 na LS-8000. LS-30 na LS-2000 ni za SCSI, muunganisho wa zamani zaidi. Hata ukipewa bure, fikiria mara mbili.

Nafasi ya pili naipa Minolta DiMAGE Scan Elite 5400. Kwa ukali wa picha inaweza kuishinda Nikon, ila Konica Minolta ilijitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2006 na vipuri vimekwenda nayo. Ya tatu ni Epson V700, skana bapa ya mezani, kwa mwenye filamu za saizi mchanganyiko. Tangazo linasema 6,400, kazini hesabu karibu 2,300, na angalia utando chini ya kioo chake kikubwa. Canon FS4000US ina nukta 4,000, lakini USB yake ni ya 1.1, utachemsha chai kwa kila fremu. Visanduku vya bei rahisi vinavyopiga picha filamu badala ya kuiskani, viacheni.

Digital ICE, mbinu ya kufuta vumbi na mikwaruzo inayosifiwa kila tangazo, husoma filamu kwa infraredi pia. Rangi za filamu hupitisha mwanga huo, vumbi halipitishi. Fedha ya filamu halisi ya nyeusi na nyeupe nayo haipitishi, kwa hiyo izime, la sivyo programu itafuta nyuso za watu ikidhani ni mikwaruzo. Ilford XP2, nyeusi na nyeupe inayosafishwa kama filamu ya rangi, haina shida hiyo.

Na wauzaji jamani. "Imejaribiwa" kwao maana yake taa imewaka. Adapta ya SA-21 ya vipande vya filamu na MA-21 ya slaidi zilikuja ndani ya boksi la Coolscan V. Leo wanazichomoa na kuziuza peke yake, kisha mashine iliyobaki inatangazwa kama kamili. Bei inapanda kwa sababu Nikon haitengenezi tena, lakini hilo halielezi kwa nini mbuzi bado yuko kwenye gunia. Dai picha ya adapta zote mbili, picha ya lebo ya umeme kuona kama inakubali volti 220 hadi 240, na skani ya slaidi yenye anga. Akikataa hiyo ya tatu, chukulia kioo ni kichafu na ukate bei kwa kiasi cha kumlipa fundi anayejua lenzi.