Stata ya mashine ya theluji mahali pasipo na soketi: ununue nini?

Nyumba nyingi za zamani hapa Buffalo, jimbo la New York, zina banda la gari nyuma kabisa ya kiwanja, limejitenga na nyumba, na halina umeme hata wa taa. Humo ndimo tunamoweka mashine ya kurusha theluji. Kwenye ingini yake kuna stata ya umeme: unabonyeza kitufe, inawaka. Ila stata hiyo inataka volti 120 za soketi ya ukutani, na soketi iliyo karibu ni ya jikoni, futi 100 kutoka bandani.

Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, alivuta kamba ya kuwashia ingini asubuhi moja ya Januari hadi bega likamshinda. "Mwanangu," aliniambia, "waliponiuzia walisema hii ni ya kubonyeza tu." Walisema kweli, lakini hawakumweleza kitufe kinapata umeme wapi. Mtu mwenye umri wake hakustahili kusimama kwenye baridi ile akihangaika na kamba, na ndiyo sababu naandika haya.

Kabla hujatoa hela, piga magoti usome kibati kilichobandikwa kwenye stata. Kimeandikwa volti na ampia. Zidisha: volti 120 kwa ampia 6 ni wati 720. Hapo bado. Ingini iliyolala kwenye baridi ina oili nzito, na mota inapoanza kuizungusha huvuta umeme zaidi ya huo kwa kitambo kidogo sana. Kifaa utakachonunua cha kuipa stata umeme lazima kistahimili mvuto huo wa kwanza bila kujizima.

Wengi hukosea hapa, na mimi nilikosea. Nilinunua betri ya kubebeka yenye wati-saa 500 kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Soketi yake ilikuwa ya wati 300 tu, kwa hiyo nilipobonyeza kitufe ilijizima papo hapo. Wati-saa ni ujazo wa pipa, wati ni upana wa bomba. Stata inataka bomba pana, pipa hata likiwa dogo: wati 1,000 kwa sekunde 5 ni wati-saa 1.4 tu. Ukiwa dukani, uliza wati kwanza.

Chaguo la kwanza: ekstensheni nene. Kama waya unaweza kufika, nunua waya, na usishawishiwe na kitu kingine. Haichajiwi, haizeeki haraka, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote katika orodha hii. Unene ndio muhimu. Kwa vipimo vya Marekani namba ikishuka waya unanenepa: hadi futi 50 chukua namba 14, ukifika futi 100 chukua namba 12. Stata ikivuta ampia 20 kwa mara moja, waya wa namba 16 wa futi 100 unapoteza takriban volti 16 njiani, na ule wa namba 12 unapoteza kama 6. Stata iliyopunjwa volti inazunguka kwa uvivu na kupata moto. Uwe wa matumizi ya nje, wenye pini tatu, na lebo ionyeshe kwamba unahimili baridi kali, maana plastiki ya kawaida inakauka kama fimbo na kupasuka. Uchomeke kwenye soketi ya aina inayojikata yenyewe umeme ukivuja.

La pili: betri kubwa ya kubebeka. Hii ndiyo niliyomshauri mama yule, kwa kuwa waya wake ungekatiza njia ya wapangaji. Sharti langu ni wati 1,000 za kudumu na 2,000 za mvuto wa kwanza, zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Zaidi ya hapo usilipie wati-saa nyingi kwa ajili ya stata peke yake. Lipia kama unataka pia taa na simu umeme ukikatika, na hapa umeme hukatika. Tufani ya Desemba 2022 iliua zaidi ya watu 40 katika eneo hili, wengine wakiwa ndani ya nyumba baridi zisizo na umeme. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti zinadumu sana, lakini hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ilale ndani ya nyumba ikiwa imejaa, uitoe dakika ile unayoihitaji, kisha uirudishe. Ijaribu mashine ikiwa ya baridi kabisa kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujaisha.

La tatu: inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120 kama wa ukutani, kwenye betri ya gari. Inafaa kwa mwenye gari linaloweza kusogea karibu na banda. Wati 1,000 kutoka volti 12 ni zaidi ya ampia 83, na ukijumlisha kinachopotea inakaribia 100. Kwa hiyo tundu la kuwashia sigara halifai kabisa, fyuzi yake ni ya ampia 15 au 20. Inveta ifungwe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa nyaya nene na fupi, huku gari likinguruma, na likiwa nje. Ni kazi inayotaka mtu mwangalifu, kwa hiyo simpendekezei kila mtu.

La nne: jenereta. Kama unayo tayari, itumie. Kuinunua kwa ajili ya stata sikushauri, kwa sababu nyingi nazo zinawashwa kwa kamba, na bega ni lile lile. Isiwashwe bandani hata mlango ukiwa wazi. Iwe angalau futi 20 kutoka nyumbani, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Viko vitu vya kuviacha dukani. Inveta ndogo zinazovalishwa betri za drili hutoa wati 150 hivi, hazitoshi. Kifaa cha kubusti gari ni cha volti 12, stata ya volti 120 haitasikia kitu. Kinaweza kufaa kwa mashine chache, kama baadhi ya Honda, ambazo stata yake ni ya volti 12 na zina betri yao. Na kuzungusha ingini kwa drili yenyewe, kama wengine wanavyofanya, kunaweza kukuvunja mkono ingini inapowaka ghafla.

Kumbuka pia kwamba stata unaihitaji mara moja tu asubuhi. Ingini ikishapata joto, kamba huvutika kwa wepesi. Mama yule alikuwa na petroli ya tangu Machi. Tulipoimwaga na kuweka mpya yenye dawa ya kuhifadhi, na oili ya 5W-30 kama kitabu kinavyosema, hata kamba yenyewe ilikubali kwa mvuto wa tatu. Betri tuliinunua hata hivyo, bega lipumzike.

Siku ya kwanza fuata mpangilio huu: chomeka waya kwenye mashine kwanza, kisha kwenye soketi au betri. Choki, kile kizibo cha hewa ya ingini, ifungwe. Bonyeza sekunde 5, achia sekunde 5. Ikigoma mara kumi, iache stata ipoe kama dakika 40. Ikiwaka, chomoa upande wa umeme kwanza, halafu wa mashine, na ukunje waya wote kabla bledi hazijaanza kuzunguka.